Kuku wa Jicho la Damari

Jumapili, 3 Julai 1994

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya masomo. Nilistaafu kabla halijaisha, na kununua jingine wakati kurasa nyeupe zipo ni kutupa pesa. Basi naanza hapa, baada ya somo la Jiografia la Darasa la Sita. Mito mikuu ya Afrika upande ule, mambo ya nyumba yangu upande huu.

Leo kanisani Mwinjilisti Manase alitangaza kwamba madaktari wa macho watakuja hospitali ya misheni kuanzia Jumatano, tarehe 14 Septemba. Siku tatu tu, kisha wanakwenda mkoa mwingine. Wenye mtoto wa jicho watafanyiwa upasuaji. Halafu akashusha sauti, kama mtu anayetangaza msiba: safari hii kuna kuchangia. Zamani tulikwenda na kadi na kuwahi foleni. Siku hizi ni kuchangia shule, kuchangia dawa, kuchangia hata pamba ya kufutia damu.

Damari alikuwa amekaa upande wa akina mama, sikuuona uso wake. Jicho lake la kushoto ni jeupe, halioni kitu tena. La kulia lilikuwa zima. Sasa nalo limeingia ukungu. Juzi alinimiminia chai pembeni mwa kikombe, akaendelea kumimina huku ananisimulia harusi ya jirani. Nilifuta meza.

Nimeamua — ataenda.

Jumatatu, 4 Julai 1994

Pensheni yangu inasafiri kwa miguu kutoka Dar es Salaam, na njiani hupumzika sana. Siwezi kuitegemea. Tulicho nacho ni kuku. Ukiacha wale wanaotaga na kulea, wapo kumi na wawili wa kuuzwa: majogoo manne na matetea manane. Hao nimewatenga. Hao ni jicho la Damari.

Kwa nini nisiwauze leo? Najieleza hapa ili nisije nikajisahau. Kwanza, bado wembamba. Gervas, kijana anayenunua kuku vijijini mpaka kule Sepuka na kuwapakia kwenye matenga juu ya mabasi ya Dar, ameniambia nisubiri mwanzo wa Septemba. Watakuwa wamejaa na bei itakuwa imepanda. Pili, pesa taslimu ndani ya nyumba ina miguu. Kuku naye ana miguu, lakini jioni hurudi mwenyewe.

Kwa hiyo mpango ni huu: kuku wasiguswe, na ili wasiguswe, matumizi mengine yote ya nyumba yabanwe.

Nilimweleza Damari baada ya chakula, hatua kwa hatua, kama robo saa hivi. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Kwa hiyo Mwalimu, jicho langu sasa linalala bandani?

Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Jumatano, 6 Julai 1994

Nimeanza na kiberiti. Njiti moja, ukiilaza juu ya ubao na kuipasua kwa wembe kuanzia upande usio na baruti, hutoa njiti mbili. Inataka mkono mtulivu. Katika njiti kumi nilipata kumi na saba nzima. Moja iliwaka ikiwa chini ya kidole gumba changu.

Damari alikuja kwa harufu.

— Wembe umenunua shilingi ngapi?

Sikuwa nimeuingiza wembe kwenye mpango. Nilimwambia wembe utafanya na kazi nyingine. Akasema sawa, tutanyolea njiti zitakazoota ndevu.

Kesho nitafuata njia ya zamani — kuchukua kaa la moto kwa jirani kwa kigae. Kaa la moto halijapanda bei.

Ijumaa, 8 Julai 1994

Jiko. Mafiga matatu yanakula kuni kama tanuri la matofali, kwa sababu moto unatoka pande zote na sufuria inapata sehemu ndogo tu. Nimejenga jiko la udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, mdomo mmoja wa kuni na matundu mawili ya sufuria. Ugali unapikwa mbele, mboga inajipikia nyuma kwa joto linalopita. Kuni tatu zinatosha mlo mzima!

Maharage nayo: yalowekwe toka usiku, maji ya kwanza yamwagwe, na magadi kidogo sana yaingie. Yanaiva nusu ya muda. Nilimweleza Damari kwamba maganda yanalainishwa na —

— Mwalimu, nimepika maharage miaka thelathini na sita. Wewe umeyala tu.

Ni kweli. Lakini sababu alikuwa haijui.

Jumanne, 12 Julai 1994

Sabuni ya mche: ikatwe vipande, ianikwe kivulini wiki mbili. Ikikauka vizuri haimomonyoki kwenye maji. Sufuria zisuguliwe kwa majivu. Sukari Jumapili tu. Redio: betri zikichoka zianikwe juani, zinapata nguvu ya taarifa ya habari moja, na ukibahatika, salamu za wagonjwa. Kola za mashati yangu mawili zimegeuzwa, upande uliochakaa umekwenda ndani. Sasa naonekana kama mtu mwenye mashati mapya na suruali za zamani.

Taa izimwe tukimaliza kula. Maongezi hayahitaji mafuta ya taa.

— Na mimi, anasema Damari, kwangu taa imeanza kuzimwa zamani. Tutalingana.

Alisema kwa utani. Nikaenda kuangalia banda.

Jumapili, 17 Julai 1994

Wageni! Shemeji yangu Ezekieli na mkewe Redempta, kutoka Sepuka. Sikuwa na habari. Ezekieli ni kaka mkubwa wa Damari, na hajakanyaga hapa tangu mazishi ya mama yangu. Nilipowaona wanashuka kwenye lori la mizigo, jambo la kwanza lililonijia — Mungu anisamehe — halikuwa furaha.

Maana mtu wa mbali hapewi mlenda. Hata mtoto mdogo anajua hilo. Nilijaribu kumwita Damari pembeni.

— Mayai je? Yapo mayai.

— Kaka yangu ale yai? Kwani anaumwa?

Jogoo mmoja amekwenda. Ezekieli alipewa firigisi, kama inavyostahili. Mimi nilipata shingo.

Damari alimkalisha kaka yake mlangoni, usoni mwa jua la alasiri, badala ya kile kiti cha ndani chenye mto. Nilimweleza kwamba pale kuna upepo mkali, ni kipupwe, mgeni atapata mafua. Akasema mgeni hajalalamika. Kisha wakaongea Kinyaturu saa nzima, kwa sauti ya chini. Mimi Mnyiramba nimekioa Kinyaturu miaka yote hii, lakini wakiongea haraka wananiacha kituoni.

Kumi na mmoja.

Jumamosi, 23 Julai 1994

Asnath, binti yetu, amekuja na mwanawe kutoka Singida Mjini. Amekuja tu, anasema. Mtoto anatembea sasa. Damari amemshika yule mtoto kichwa kwa mikono miwili pale pale mlangoni, mpaka akaanza kulia.

Asnath si mgeni, ni mtoto wa nyumba. Nilitegemea maharage. Mama yake akasema binti aliyeolewa akirudi kwao akala maharage, wakwe watasema kwao kuna njaa.

— Nani atawaambia? nikauliza.

— Maharage yenyewe, Mwalimu.

Kumi.

Jumapili, 31 Julai 1994

Theodora, aliyeimba na Damari kwaya ya wasichana. Miaka ishirini hawajaonana! Walicheka mpaka kuku wakahama uani. Wale waliobaki, nataka kusema.

Tisa.

Jumapili, 7 Agosti 1994

Mwinjilisti Manase amekuja kutuombea. Alipita, akakaribishwa, akakaa. Anayeshika Neno hapewi chakula kikavu, hilo sikubishi. Lakini yeye ndiye aliyetangaza habari za kuchangia, na sasa amechangia kula mchango. Nilimwambia hivyo kwa mzaha wakati wa kunawa mikono. Alicheka, akamwomba Mungu abariki mikono iliyopika. Mikono iliyofuga haikutajwa.

Nane.

Nimekaa na kufikiri. Kosa ni langu. Niliweka akiba mahali ambapo kila mgeni anaiona kabla hajasalimia. Pesa ingekuwa ndani ya mto wa kulalia, hakuna mgeni angeikuta imesimama uani inawika. Mwalimu mzima!

Jumatatu, 8 Agosti 1994

Nimewahamisha. Asubuhi mapema, Damari akiwa kisimani, nimewapeleka wote wanane kwa Gervas. Ana banda kubwa nyuma ya duka, karibu na barabara. Nimemwambia awatunze mpaka Septemba, chakula nitaleta mwenyewe: mashudu ya alizeti yapo gunia zima, tangu tulipokamua mafuta yetu kwenye ile mashine ya mkono ya akina mama. Hakuna kinachotupwa.

— Mwalimu unawaficha kuku? Wamefanya kosa gani?

Nilimweleza. Alikubali, ila alikuwa anajikuna kisogo kama mtu mwenye jambo.

Jioni Damari alitoka kurusha punje za mtama, akasimama uani kwa muda. Nusu alizirudisha ndani.

Jumapili, 14 Agosti 1994

Jana wamekuja mawifi wawili wa Damari, wake za kaka zake. Tumekula kuku!

Leo nimekwenda kwa Gervas nikiwa nimejipanga kusema maneno makali. Yeye akaanza:

— Shikamoo Mwalimu. Kabla hujasema. Mama alikuja juzi na kamba mkononi. Akasema, baba, nimekuja kumchukua kuku wangu. Ningemjibu nini? Kwamba si wake?

— Ungemwambia aje aniulize mimi.

— Mwalimu, mimi bado natafuta mchumba hapa Iguguno. Sitaki sifa ya kumnyima mama kuku.

Saba. Nimewarudisha nyumbani. Kuwalisha kwa mbali kunachosha magoti, na hakujasaidia kitu.

Jumapili, 21 Agosti 1994

Jana tena. Mke wa marehemu kaka mdogo wa Damari, kutoka Manyoni, kwa treni na kwa lori, siku mbili njiani. Nani anasafiri siku mbili wakati wa kuvuna asali kuja kula kuku mmoja? Mbona wote mwaka huu? Mbona wote miezi hii?

Nilimuuliza Damari. Akasema watu wakipendwa hutembelewa.

Sita.

Jumapili, 28 Agosti 1994

Leo nimejua.

Mgeni alikuwa mzee Alute, mjomba wake Damari, ndugu pekee wa mama yake aliyebaki hai. Ana miaka themanini au zaidi, hajui mwenyewe. Gervas ndiye aliyemleta, amekaa mbele kwenye pikapu ya kukodi, na matenga ya kuku nyuma. Nilimwamkia, akapokea polepole, akakalishwa mlangoni kwenye jua kama wote. Damari akavuta kigoda karibu, magoti yakagusana.

Baada ya kula mzee akanigeukia.

— Tumeshukuru, mkwe. Salamu tulizipata. Gervas alisema Damari anataka kutuona wote kabla ya Septemba. Mimi nikasema, hata kwa kubebwa nitakwenda.

Nikamtazama Gervas. Gervas akatazama mti.

Kumbe! Kila akienda Sepuka kununua kuku wa watu, alikuwa anapeleka mwaliko wa kula kuku wangu! Na wa Manyoni alipewa salamu na Ezekieli, na Asnath aliletewa na konda wa basi. Nilimshika Gervas nje, karibu na pikapu.

— Ulinishauri nisubiri Septemba, na huku unanimalizia!

— Mimi nilitumwa na mama, Mwalimu. Nilidhani unajua. Mtu atafikiriaje kwamba hujui mambo ya nyumba yako?

Watano.

Jumatatu, 29 Agosti 1994

Sikulala vizuri. Mzee Alute aliondoka asubuhi. Damari alimsindikiza mpaka barabarani, akasimama hata baada ya gari kupotea, na vumbi lote lile.

Aliporudi nilikuwa nimeshapanga hoja zangu. Nilidhani ameniharibia mpango kwa makusudi ili tarehe ipite. Nikaanza kwa upole, kama ninavyoanza siku zote.

— Mama Asnath, kama hutaki kwenda hospitali ungesema. Si lazima uwatumie ndugu zako kula jicho lako.

Alikaa. Akafunua sufuria, akaifunika.

— Nani kasema sitaki kwenda?

— Basi wageni wote hawa wa nini?

— Nilitaka kuwaona.

Sikuelewa. Akasema tena, polepole, kama mimi ndiye mwanafunzi.

— Kuwaona, Mwalimu. Sura zao. Wakati hili jicho moja bado linaweza. Ndiyo maana niliwakalisha kwenye mwanga.

Redempta alikuwa amemtumia salamu tangu mwanzo, naye aliambiwa na mwingine kule Sepuka, kwamba daktari akipasua mtoto wa jicho, analitoa jicho lote, analiweka kwenye sahani, analisafisha, halafu analirudisha. Mara nyingine likirudi linakaa vibaya. Kuna mtu wa kijiji cha Puma, lake lilidondoka.

— Na mimi nina mume anayepasua njiti za kiberiti, akasema. Nikajua hata sahani atanitafutia ya bei nafuu.

Nilicheka. Naye alicheka. Halafu mimi nikaacha, kwa sababu niliona yeye alikuwa ameacha zamani.

— Kwa nini hukuniambia unaogopa?

— Ungenieleza.

Niliandika neno hilo hapa na kulitazama kwa muda mrefu. Ni kweli kabisa. Tangu Julai nimemweleza kuni, sabuni, betri na maganda ya maharage. Kuhusu jicho nilimpa tarehe tu.

Hata hivyo nilimweleza. Sikuweza kujizuia. Nilimwambia habari ya sahani ni uzushi. Jicho halitolewi, linapasuliwa pale pale lilipo. Na zaidi: hakuna daktari mwenye akili atakayeanza na jicho linaloona wakati lipo jicho lililokufa. Wataanza na la kushoto. Wakilikosea, hujapoteza kitu. Wakiliweza, umepata. Ni hesabu ya Darasa la Pili.

— Sawa, Mwalimu, akasema.

Usiku huu nimeona amelala mara moja, bila kujigeuzageuza. Nimefurahi. Mara nyingine kueleza kunasaidia.

Ijumaa, 2 Septemba 1994

Kuku watano hawatoshi kwa hospitali na nauli ya watu wawili. Nimezunguka nyumba nzima kwa macho. Redio — Gervas amesema redio yenye betri za kuanika hainunuliwi, inazikwa. Baiskeli haina tairi la nyuma. Vitabu, hakuna anayesoma.

Kuna debe la mafuta ya alizeti. Ni mafuta yetu ya mwaka mzima.

Jumamosi, 3 Septemba 1994

Gervas amechukua kuku watano na debe la mafuta. Kuku walijaa kama alivyosema, bei ilipanda kama alivyosema. Wangekuwa kumi na wawili — lakini basi. Kwenye mafuta aliongeza kidogo juu ya bei ya sokoni na akakataa kuongea habari hiyo. Nilianza kumweleza kwamba biashara haiendeshwi hivyo. Akawasha gari.

Nilimwambia Damari kwamba mwaka huu hatutakaanga. Mlenda hauhitaji mafuta, karanga zikisagwa zinajaza nafasi, na daktari mmoja alisema redioni kwamba mafuta mengi si mazuri kwa wazee.

— Daktari huyo amekuja wakati mzuri, akasema.

Baada ya muda: akaniuliza kama nimekasirika habari za kuku. Nikasema hapana. Nikafikiri, nikaona kweli, hapana. Nilimkumbuka mzee Alute alivyokuwa ameinua uso kwenye jua, amefumba macho, anangoja amalizwe kutazamwa.

Jumanne, 13 Septemba 1994

Tumefika hospitali jioni. Lori lilikuwa limebeba vitunguu, na sisi juu yake, bei nafuu kuliko basi. Damari ananuka kitunguu, nami vilevile. Anasema sasa daktari mwenyewe ndiye atakayelia.

Watu ni wengi. Wamelala kwenye baraza na chini ya miti, kila mmoja na mtu wa kumshika mkono. Tumeleta unga wetu na sufuria ndogo, kwa hiyo chakula hakitatugharimu. Kuni nimeomba jikoni kwao. Mafiga matatu — nilimwonyesha mpishi jinsi ya kuyaziba pembeni kwa udongo. Alinisikiliza vizuri kuliko watu wa nyumbani kwangu.

Jumatano, 14 Septemba 1994

Saa nne asubuhi. Naandika kwenye benchi.

Tumelipa, tumepewa kadi namba thelathini na moja. Kabla ya upasuaji kuna kupimwa. Daktari ni kijana, na muuguzi mtu mzima anamtafsiria wagonjwa wasiojua Kiswahili. Daktari alimulika jicho la kushoto kwa tochi ndogo. Akamulika tena. Akamwambia Damari aseme mwanga unatoka wapi. Damari akanyoosha kidole upande ambao hakukuwa na kitu.

Akamulika la kulia, hapo akatikisa kichwa kwa kukubali.

Muuguzi akatueleza. La kushoto limechelewa, mshipa wake umekufa. Hata wakilipasua halitaona. Lingeletwa mwaka juzi, wakati ule madaktari walipokuja, pengine. La kulia ndilo linalofaa kupasuliwa.

La kulia. Lile moja.

Mwaka juzi ilikuwa bure. Nakumbuka tangazo. Nilisema tusubiri mwakani, kwa sababu nauli ilikuwa imepanda na jicho la pili lilikuwa zima. Tuliokoa nauli.

Damari hakunitazama. Mimi ndiye niliyesema, hatua kwa hatua, kwamba wataanza na lililokufa. Nilitaka kumuuliza muuguzi, kumweleza kwamba — lakini nilijikuta sina sentensi ya pili.

— Mama, akasema muuguzi, usipopasuliwa, mwakani hili nalo litafika kule alikofika mwenzake. Ukipasuliwa, wengi wanaona. Siyo wote. Usipokubali unaweza kurudishiwa mchango wako. Nenda kakae, ufikiri na mzee.

Tumekaa. Yeye ndiye aliyeanza.

— Hunielezi?

— Sijui, Mama Asnath. Hili silijui.

— Ah! akasema. Kumbe yapo.

Akazungusha kadi mkononi.

— Tukirudi nyumbani na pesa utanunua nini?

Nikasema mafuta. Kuku wa kuanzia. Akasema nitaishia kuwapasua na kuku katikati wawe wawili wawili. Mama mmoja wa pembeni alicheka bila kujua kisa.

Saa tano na nusu. Wameita namba ishirini na nne. Muuguzi amepita na kuuliza kama tumeamua. Damari amemjibu yeye mwenyewe, sikuulizwa: ameamua, jina lake liachwe pale pale lilipo.

Ishirini na sita. Wanakwenda haraka kuliko nilivyodhani.

Ameniambia tuhame benchi. Nikasema hapa kuna kivuli, kule jua kali, na tukihama tutapoteza nafasi kwenye foleni. Ameinuka. Nimemfuata na kikapu. Tumekaa kwenye ngazi, jua lote usoni mwangu, na yeye ameugeuzia mlango wa chumba cha upasuaji mgongo.

Ishirini na nane.

Anasema kola yangu imekaa upande. Anasema nina nywele nyeupe masikioni, tangu lini, mbona sikumwambia. Amenivua miwani. Sioni vizuri ninachoandika. Anasema wengine wote amewamaliza, nimebaki mimi, na mimi kila akitaka kunitazama nimeinamia daftari — ananiambia niweke kalamu chini, niinue uso, nisiseme kitu —